Nzohe wa Kitale ahamie wapi? Ramani za wanyamapori zianze na wenye ardhi

Desemba 2022, mjini Montreal nchini Kanada, mataifa ya dunia, Kenya ikiwa mojawapo, yalikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 30 ya ardhi na bahari iwe imehifadhiwa. Tangu hapo "thelathini kwa thelathini" ni maneno yasiyokosekana katika warsha za mazingira, za bara na za huku kwetu Pwani. Sababu inayotolewa ni nzito, tena ni ya kweli. Joto linapanda, mvua hazina tena msimu wa kuaminika, na wanyama walio katika hatari ya kutoweka watahitaji pa kuhamia. Basi, tunaambiwa, tuwatengee mahali mapema.

Sina ugomvi na sababu hiyo. Ninachouliza ni nani aitwe kwanza, mchora ramani au mwenye shamba. Nimetembea Kitale na Bungoma, na niliyoyaona huko, pamoja na yaliyoandikwa katika kumbukumbu za eneo hilo kwa zaidi ya miaka hamsini, yamenipa jibu. Ramani ya makazi ya wanyama ikichorwa kabla ya kuzungumza na wanaoishi juu ya ardhi hiyo, hasara huwapata wanyama na watu pia. Msomaji wa Mombasa, Kilifi au Lamu atauliza, Kitale kwatuhusu nini? Kwatuhusu sana, na nitafika huko.

Kisiwa ndani ya mahindi

Kutoka Kitale ukishika barabara ya Kapenguria, baada ya kilomita ishirini na kitu unafika Hifadhi ya Taifa ya Kinamasi cha Saiwa. Ilitangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa majini ambaye wengi humjua kwa jina la sitatunga. Kwato za nzohe ni ndefu na hutanuka, ndiyo maana huweza kutembea juu ya tope na mafunjo asizame. Akihisi hatari hujitosa majini mwili mzima akabakisha pua tu. Ni mnyama aliyeumbiwa kinamasi, na nje ya kinamasi hana ujanja.

Saiwa ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba zipatazo 3, yaani kama ekari 740. Ndani ya kisiwa cha Mombasa zingeingia hifadhi nne kama hiyo na nafasi ikabaki. Kuizunguka ni mahindi, maharagwe, malisho ya ng'ombe wa maziwa na vituo vya biashara vinavyokua kila mwaka. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la Kenya. Sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 990,341, karibu 400 kwa kila kilomita ya mraba. Jirani yake Bungoma ilikuwa na watu 1,670,570, zaidi ya 550 kwa kila kilomita ya mraba. Hapo hakuna pori la kusema tulitenge. Kila kipande kina mwenyewe, na wengi wana watoto wanaosubiri kurithi.

Waliotenga Saiwa mwaka 1974 walifanya kazi ya maana, na pasipo wao nzohe wa Kitale huenda wangebaki hadithi. Lakini walichora mpaka kumzunguka mnyama, hawakuyazunguka maji yake. Maji yanayokijaza kinamasi yanatoka nje ya hifadhi, kwa vijito vinavyopita katikati ya mashamba. Huko juu mtu akichimba mtaro akausha bonde ili apande mboga, au akipanda mikaratusi kando ya chemchemi, matokeo yake yanateremka hadi kwa nzohe, na askari wa hifadhi hana la kufanya. Mvua zilipokuwa za kawaida, kasoro hiyo haikuonekana sana. Sasa ukame ukirefuka, na mvua ikija kwa kishindo siku chache kisha ikatoweka, bonde lisilo na majani ya kushika maji hugeuka njia ya kupitisha udongo. Udongo huo mwisho wake ni kinamasini.

Kwa hiyo somo la kwanza ni kwamba mpaka wa hifadhi unaweza kumzuia jangili, lakini hauwezi kuzuia ukame. Kama lengo ni kumsaidia mnyama aimudu hali mpya ya hewa, kazi kubwa iko nje ya ua.

Mlima umbo lake ni la kawa

Tunaposikia wanyama watahama kwa sababu ya joto, jibu la haraka huwa ni kwamba watapanda mlimani. Hesabu yake si ngumu. Kwa kawaida joto hupungua kama digrii 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kitale iko kwenye kimo cha kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma kama mita 1,400, na anayeshuka kutoka mji mmoja hadi mwingine huihisi tofauti bila kipimajoto. Dunia ikiongezeka joto kwa digrii moja, kiumbe anayetaka kubaki na hali yake ileile atalazimika kupanda kama mita 160 hivi.

Nzohe hawezi. Kati ya kinamasi chake na Mlima Elgon kuna mashamba, barabara na mji wa Kitale. Hata angefika, huko juu hakuna mafunjo yanayomngoja.

Kwa wanyama ambao tayari wako mlimani, shida ni nyingine. Mlima umbo lake ni la kawa tunayofunikia chakula: chini pana, na kadiri unavyopanda nafasi inakwisha. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon upande wa Kenya ilianzishwa mwaka 1968 na ina kilomita za mraba 169 tu. Upande wa Uganda, ambako kuna kilele cha Wagagai chenye mita 4,321, hifadhi ina kilomita za mraba 1,121. UNESCO iliutambua upande wa Kenya kuwa hifadhi ya baiyosfia mwaka 2003, na wa Uganda mwaka 2005. Ndovu wa Elgon wanajulikana duniani kwa kuingia usiku katika mapango kama la Kitum kuchimba chumvi kwa pembe zao. Ndovu hao hawajui mpaka wa Kenya na Uganda uko wapi. Wakibanwa na joto na mashamba kutoka chini watatafuta njia kuuzunguka mlima, na nchi moja haiwezi kuwapangia njia hiyo peke yake.

Kuna wanaosema wanyama wakikosa nafasi wapakiwe kwenye lori wapelekwe kwingine. Hilo nalo lilishafanyika. Mwaka huohuo wa 1974 ndama wa twiga wa Rothschild aliyepewa jina Daisy alichukuliwa kutoka Soy, kusini mwa Kitale, akapelekwa Lang'ata, Nairobi, kwa sababu shamba kubwa walimokuwa twiga wake lilikuwa linagawanywa kwa walowezi wapya. Kituo cha Twiga cha Lang'ata kilianzia hapo. Twiga hao waliokolewa, na ni jambo la kushukuru, ila sasa ukitaka kuwaona nenda Lang'ata au Ziwa Nakuru. Nyika walikotoka imekuwa mahindi. Lori linaweza kuokoa mbegu ya mnyama, lakini haliwezi kuhamisha bonde, chemchemi wala msitu.

Chepkitale: ramani iliyofika mahakamani

Upande wa Bungoma, juu kabisa ya msitu wa Elgon, kuna nyanda za baridi zinazoitwa Chepkitale. Waogiek wameishi huko vizazi na vizazi wakifuga ng'ombe na nyuki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali iliwashusha watu wa Chepkitale ili juu kuwe mahali pa wanyama, na mwaka 1971 ukaanzishwa mpango wa makazi wa Chebyuk kuwapokea. Chebyuk haikugawanywa ikaisha. Iligawanywa, ikafutwa, ikagawanywa tena kwa awamu tatu, na kila awamu iliacha watu waliopewa na watu walionyang'anywa.

Awamu ya tatu ilizaa kundi la wapiganaji la SLDF lililojitokeza mwaka 2006. Mashirika ya haki za binadamu yaliripoti kwamba kundi hilo liliua zaidi ya watu 600. Machi 2008 serikali ilipeleka jeshi katika operesheni ya Okoa Maisha, na wakazi wakalalamika tena, safari hii juu ya mateso na watu waliotoweka mikononi mwa vyombo vya dola. Ukienda Cheptais au Kapsokwony leo, mambo hayo hayazungumzwi kwa sauti kubwa.

Simaanishi kwamba ndovu ndio walioleta vita. Siasa za ardhi zilikuwa na mizizi mingi. Ila mzizi mmoja uliokwenda chini kabisa ni uamuzi wa kuwahamisha watu kwa ajili ya hifadhi bila kuwa na mahali halali pa kuwaweka. Anayechora ramani mpya za wanyama katika mlima huo bila kuisoma historia hii anacheza na moto.

Mwaka 2000 Chepkitale ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya wanyama. Waogiek walikwenda mahakamani, na baada ya miaka mingi, Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Bungoma iliamua kwamba ardhi hiyo ni ya jamii ya Waogiek na kwamba kuigeuza hifadhi hakukufuata haki. Tazama tarehe. Miezi mitatu kabla ya dunia kukubaliana Montreal juu ya asilimia 30, mahakama ya Bungoma ilikuwa imekwisha kueleza ni namna gani asilimia hiyo isitafutwe.

Kuna jambo jingine la Chepkitale ambalo halisemwi vya kutosha. Waogiek wameziandika sheria zao za jadi, zikiwemo za kukataza uchomaji makaa na ukataji miti kwa biashara, na wana vijana wao wa kulinda msitu. Ndovu wanapita humo. Mpangaji anayetafuta makazi ya wanyama katika mlima unaopata joto ana bahati kuwa na watu wanaokaa huko juu mwaka mzima na kujua ni chemchemi ipi imekauka na njia ipi ndovu wameihama. Maarifa hayo hayamo katika picha ya setilaiti.

Korongo taji hana ua

Mfano wa tatu ni wa ndege. Korongo taji, yule mwenye ushungi wa dhahabu kichwani ambaye Uganda imemfanya nembo ya taifa, alitiwa mwaka 2012 na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Trans Nzoia na Bungoma ni miongoni mwa maeneo anakoonekana. Hutaga katika mabonde yenye maji, hula katika mashamba na malisho, na hulala juu ya miti. Makorongo wengine wengi duniani hawawezi kutua mtini. Huyu anaweza kwa kuwa ana kidole cha nyuma cha kushikia.

Mahitaji hayo matatu, bonde, shamba na mti, kwa kawaida yako kwenye ardhi ya watu watatu tofauti. Huwezi kumzungushia korongo ua. Bonde likikaushwa hatagi, na kiangazi kikikaa muda mrefu maji ya kiota huondoka kabla makinda hayajaweza kuruka. Makazi yake kwa hakika ni makubaliano kati ya majirani.

Karibu na Saiwa kuna kikundi cha wanakijiji, kikundi cha Kipsaina cha kuhifadhi makorongo na ardhi oevu, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikifanya kazi hiyo polepole: vitalu vya miche ya asili, mizinga ya nyuki, vidimbwi vya samaki, mazungumzo shuleni na mashambani. Si kazi ya kupigiwa picha na mawaziri. Lakini ukiniuliza ni nani Kitale anapanga makazi ya wanyama kwa ajili ya hali mpya ya hewa, nitakuonyesha watu hao kabla ya kukuonyesha ofisi yoyote.

Haya yamekwisha kutupata Pwani

Sasa nirudi nyumbani. Palahala wa Kenya wamebaki Shimba Hills pekee, na hesabu ya taifa ya mwaka 2021 iliwakuta 51. Hirola, swala wa Garissa na Tana, walikuwa 497. Wanyama hawa wawili ni wa kwetu, na habari zao zinafanana na za Elgon kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1996 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitaka kuwahamisha hirola kutoka Garissa hadi Tsavo. Baadhi walihamishwa, kisha wakazi wakaenda Mahakama Kuu kupinga, wakisema mnyama huyu ni wa ardhi yao. Mahakama ikawasikiliza. Baadaye watu haohao wa upande wa Ijara walianzisha hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, na mwaka 2012 wakatenga ndani yake eneo lenye ua lililoanza na hirola 48. Idadi hiyo imeongezeka hadi kupita 100. Jamii iliyodhaniwa kuwa kikwazo ndiyo iliyowalea.

Mto Tana, hifadhi ya mbega wekundu na mangabi ilitangazwa mwaka 1976. Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba haikuanzishwa kwa kufuata sheria. Zaidi ya miaka 30 ya uhifadhi iliyumba kwa sababu wenyeji hawakuulizwa siku ya kwanza. Nyani hao hawapatikani popote pengine duniani.

Kwale nako kuna Mwaluganje, ambako katika miaka ya 1990 wakulima Waduruma na Wadigo waliweka mashamba yao pamoja yawe njia ya ndovu kati ya Shimba Hills na msitu wa Mwaluganje, wakabaki na umiliki na kugawana mapato ya langoni. Hilo ni wazo zuri kuliko mengi. Udhaifu wake ni kwamba mapato yalitegemea mtalii. Machafuko ya Likoni ya 1997 yalipowafukuza watalii, na korona ilipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, ndovu waliendelea kula na kupita, ila cha kugawana kilikuwa kidogo. Na ikiwa Kwale, iliyo karibu na hoteli za Diani, haikuweza kuutegemea utalii, Trans Nzoia itautegemeaje?

Hesabu ya ekari moja

Watu wa uhifadhi watanijibu kwamba nawapaka wakulima mafuta. Watasema wakulima haohao ndio wanaokausha mabonde. Ni kweli, na nimeiona mitaro kwa macho yangu. Watasema pia kwamba sheria ipo: kanuni za ardhi oevu na kingo za mito za mwaka 2009 zinataka ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto uachwe bila kulimwa. Kwa nini isitekelezwe tu?

Tufanye hesabu pamoja. Chukua shamba la kama ekari moja, mita 40 kando ya kijito na mita 100 kwenda juu. Ukiacha mita 6, mkulima amepoteza asilimia 6 ya shamba. Ukiacha mita 30, amepoteza asilimia 30. Ile thelathini ya Montreal, iliyopaswa kubebwa na dunia nzima, imemwangukia mtu mmoja mwenye ekari moja, tena ni sehemu ya bondeni, iliyo na unyevu wakati wa kiangazi, ambayo ndiyo humpa mboga za kuuza mahindi yanapokosa mvua. Mabadiliko ya tabianchi yanamsukuma mkulima bondeni kwa sababu ileile yanayomsukuma nzohe. Wote wawili wanafuata maji.

Hapo ndipo penye shida yenyewe, na hakuna ramani itakayoitatua kwa kuifumbia macho. Swali nililolisikia zaidi ya mara moja kando ya Saiwa lilikuwa la haki kabisa: kama ndege ni wa Kenya nzima, mbona kodi ya nyumba yake nalipa mimi?

Yanayowezekana

Ningeombwa ushauri na kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, ningesema manne.

La kwanza, waanze na maji. Zihesabiwe chemchemi, vijito na mabonde yote yanayolisha Saiwa, na vinamasi vidogo vilivyobaki kuelekea Mto Nzoia. Mali bila daftari huisha bila habari. Vinamasi hivyo, hata vya ekari mbili tatu, ni vituo vya njiani ambako korongo hutaga na ambako nzohe anaweza kupumzika ikiwa kimoja kitakauka. Na Nzoia ndio mto unaofurika Budalangi; bonde lililoshika maji Kitale linampunguzia mtu wa Busia mafuriko. Hoja hiyo inawagusa hata wasiojali swala.

La pili, yaingie katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka kaunti kuwa na mpango wa miaka 10. Huko ndiko barabara, viwanda na makazi hupangwa, na bonde lisiloandikwa humo litajengwa. Mpango ujadiliwe wadi kwa wadi, kwa lugha watu wanayoielewa, kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa. Ripoti kubwa ya serikali ya mwaka 2017 kuhusu shoroba za wanyamapori, kama jina lake linavyosema, ilishughulikia nyanda za malisho na mifumo ya Pwani. Nyanda za juu za magharibi, zenye mashamba madogo, zinahitaji kazi yao wenyewe.

La tatu, hati ya ardhi ibaki kwa mwenyewe. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaruhusu mikataba ambapo mwenye shamba anabaki na ardhi yake, anakubali tu kutokausha bonde au kutokata miti fulani, na mkataba unasajiliwa. Kwa eneo lenye kumbukumbu za Chebyuk, tofauti kati ya "tumechukua" na "tumekubaliana" ni tofauti kati ya amani na balaa. Na Chepkitale, hukumu ya Bungoma iheshimiwe, Waogiek wawe wenye kalamu na serikali iwe msaidizi.

La nne, malipo yasitoke kwa mtalii. Yatoke kwa wanaofaidika na maji: kampuni za maji za miji, viwanda, bajeti za kaunti za tabianchi, na nchi zilizopiga makofi Montreal. Yalipwe kila mwaka, kwa kiasi kinachokaribia mboga ambazo mkulima ameacha kupanda. Pamoja na hayo kuna mazao yasiyohitaji bonde likaushwe, kama majani ya ng'ombe wa maziwa, asali na samaki.

Mikoko nayo huhama

Nilisema nitaeleza Kitale kwatuhusu nini. Bahari ikipanda, mikoko ya Mida, ya Vanga, ya Mto Tana na ya Lamu haiwezi kubaki ilipo. Itataka kurudi nyuma kuelekea nchi kavu, na samaki, kaa na ndege wanaoitegemea warudi nayo. Nyuma huko kuna nani? Kuna nyumba, minazi, mashamba ya mpunga, vyumvi, viwanja vilivyokwisha kuuzwa, na familia nyingi za watu wa Pwani ambazo hadi leo hazina hati. Siku mchora ramani atakapokuja na rangi ya kijani iliyopakwa juu ya mashamba hayo, atasema maneno mazuri juu ya tabianchi, na yatakuwa ya kweli. Hapo ndipo itatupasa kuwa tumejifunza kwa wenzetu wa Elgon.

Basi ramani hiyo ikifika kwenye baraza la wadi yako, usiikatae kabla ya kuisoma, na usiitie sahihi kabla ya kuuliza. Uliza maji yanayoilisha sehemu hiyo yanatoka wapi na kama nako kumepangwa. Uliza hati itabaki kwa nani, na wasio na hati wataandikwa lini. Uliza malipo yatatoka mfuko gani mwaka ambao hakuna hata mtalii mmoja. Ukijibiwa yote matatu kwa maandishi, mnyama atakayepewa hapo mahali huenda akakaa. Usipojibiwa, mwambie aliyeileta aende kwanza Bungoma akaisome ile hukumu.